Wacheza gemu za mdundo njooni hapa: ni nini hasa kinachotunasa?

KichwaNgoma:

Wakuu, heshima kwenu.

Kuna swali naulizwa na kila anayenikuta nimekodolea macho skrini huku vidole vinakimbia: "Hivi hapo unapata nini?" Na wana haki ya kuuliza. Anayecheza gemu ya mpira anatafuta goli, anayecheza ya vita anataka asife. Sisi wa gemu za mdundo tunabonyeza vitufe kwa mpangilio uliopangwa na mtu mwingine, wimbo uleule, noti zilezile, na tukimaliza tunarudia. Hakuna siri ya kufichua, hakuna njia ya mkato, mara nyingi hata hadithi hakuna. Lakini ukisema "wimbo mmoja tu nilale", unashtukia usiku umekwisha.

Nimelitafakari hili muda mrefu, nikaona nilete hapa tulijadili. Uzi ni mrefu. Wasiopenda kusoma shukeni moja kwa moja kwenye maoni mkanishambulie.

Kwa wageni, haraka haraka. Gemu ya mdundo ni ile ambayo alama, ndizo tunaziita noti, zinatiririka kwenye skrini nawe unatakiwa kubonyeza, kupiga, kukanyaga au kukata kitu pale pigo la wimbo linapoangukia. Wengi wanaanza kuhesabu na PaRappa the Rapper ya PlayStation, mwaka 1996, kazi ya Masaya Matsuura, ambaye kabla ya hapo alikuwa mwanamuziki. Mwaka 1997 Konami wakatoa beatmania, vitufe vitano na sahani ya kusugua kama ya DJ. 1998 wakaleta Dance Dance Revolution, ile ya kukanyaga mishale minne. Namco wakaja na Taiko no Tatsujin mwaka 2001: ngoma moja, noti nyekundu unapiga katikati, za bluu unapiga ukingoni. Guitar Hero 2005, osu! 2007, Beat Saber 2018. Historia ina mengi, siendi huko.

Naenda kwenye hoja. Wengi husema kinachonasa ni pointi, kombo (mfululizo wa noti bila kukosa), na zile herufi kubwa za sifa zinazokurukia machoni. Sikubali. Pointi zipo kwenye kila gemu. Ninavyoona mimi, kinachonasa ni kwamba gemu hizi zinakufanya uusikie wimbo kwa namna ambayo kukaa tu na kusikiliza hakukupi.

Chukua wimbo unaoujua mwanzo mpaka mwisho. Ukiusikiliza kawaida, sikio linamfuata mwimbaji, vingine vyote vinapita bila kuulizwa. Sasa mtengeneza chati, yaani anayepanga noti za gemu juu ya wimbo, anaamua kwamba beti ya kwanza utabonyeza maneno ya mwimbaji, lakini beti ya pili anakuhamishia kwenye besi. Noti zinaanza kuja pale usipozitarajia: moja kabla kidogo ya pigo, mbili zilizobanana, halafu kimya. Mara ya kwanza unavurugwa. Ukirudia unagundua kumbe lile gita la besi lilikuwa linafanya hivyo siku zote, linawahi kidogo mwishoni mwa kila mstari, na wewe hujawahi kulisikia. Kuanzia siku hiyo, wimbo huo ukipigwa popote, sikio linakwenda kwenye besi lenyewe na vidole vinaanza kucheza mezani.

Ndiyo maana nasema mtengeneza chati ni kama msanii wa pili wa wimbo. Chati mbovu utaijua tu: noti zimemwagwa ili ionekane ngumu, hazifuati chochote. Chati nzuri kila noti ina sababu. Sauti ikipanda, mkono nao unahama upande mmoja. Ngoma ikigonga mara mbili, kidole kilekile kinarudia. Mwimbaji akivuta neno, unashikilia kitufe mpaka pumzi yake iishe. Kuna chati ukizicheza unajua kabisa aliyezitengeneza aliupenda huu wimbo. Na kuna nyingine unajua aliichukia mikono ya watu.

Halafu kuna suala la muda, na kwangu hapa ndipo penye utamu wenyewe. Jicho likiona kitu, mpaka kidole kitii, inakaribia robo ya sekunde. Gemu yenyewe haikupi robo ya sekunde. Kwenye beatmania IIDX, toleo la baadaye la beatmania, hukumu ya juu kabisa ya usahihi wa noti ina nafasi ya takriban fremu moja kabla na fremu moja baada, na fremu moja kwenye skrini ya fremu 60 kwa sekunde ni kama milisekunde 16.7. Kwenye osu! ugumu wa chini unakuachia kama milisekunde 80 kila upande, ule wa 10 kwenye kipimo chao unakubakizia kama 20. Piga hesabu. Ukisubiri uione noti imefika ndipo ubonyeze, umeshachelewa mara kumi. Kwa hiyo hakuna anayecheza gemu hizi kwa kuitikia anachokiona. Kila noti unaibashiri. Mwili unajua pigo linalofuata litaangukia wapi kabla halijaanguka, na unalikuta hapohapo. Wimbo mmoja unaweza kukupa bashiri mia tano, na karibu zote zinatimia. Niambieni ni jambo gani jingine maishani linalokupa kutimia kwa kiasi hicho ndani ya dakika mbili.

Na mwili umeumbiwa hivyo. Watafiti wamewapiga watu picha za ubongo wakiwa wamelala kimya wanasikiliza midundo, na sehemu zinazoongoza misuli ziliwaka hata kama hakuna kidole kilichosogea. Wala si binadamu peke yake: mwaka 2009 watafiti walionyesha kwamba kasuku mmoja mweupe, Snowball, anarekebisha kasi ya kucheza kwake muziki ukiongezwa au ukipunguzwa kasi. Jaribu kumfundisha mbwa wako uone.

Kitu cha mwisho kabla sijawaachia uwanja. Gemu hizi zina koo mbili, na nadhani ugomvi mwingi kati yetu unatokana na kutolitambua hilo. Ukoo wa kwanza, wewe ndiye unayepiga. Kwenye beatmania kila kitufe kimebeba kipande cha sauti ya wimbo. Ukichelewa, kipande hicho kinachelewa nawe, ukikosa, kuna shimo. Kwenye Guitar Hero ukikosa noti gita linanyamaza, linabaki kukwaruza, na watazamaji wanaanza kuzomea. Ukoo wa pili, wimbo unakwenda na hamsini zake, wewe unaucheza juu yake: Dance Dance Revolution, Beat Saber na gemu nyingi za simu. Huku hata ukikosa noti kadhaa, msanii anaendelea kuimba bila kujua kama upo.

Mimi ni wa ukoo wa kwanza, sifichi. Lile shimo la kimya ukikosa linauma kuliko pointi zozote nilizowahi kupoteza.

Haya, uwanja wenu. Nyinyi mnanaswa na nini?

Bi_Mishale:

Mkuu umeandika vizuri ila ukoo wa pili umetudharau. Mimi ni wa mishale, na nakwambia pale kwenye padi, lile jukwaa la kukanyagia, ndiko mwili wote unaingia kwenye wimbo. Wewe unausikia kwa vidole, mimi nausikia kwa nyonga.

Watu wanaona ni kurukaruka tu. Subiri ufike ngazi za juu. Mishale inakuja kulia, chini, kushoto, na ukikanyaga wa chini kwa mguu usio wake, mwili unajikunja na mshale unaofuata unakukuta umegeuka mgongo. Kwa hiyo lazima uuone mstari mzima mapema uamue mguu gani unaanza. Chati nzuri inakugeuza makusudi, uso unatazama ukutani, kisha inakurudisha pale kiitikio kinapoingia. Ile ni dansi kamili, na aliyeitunga hukuwahi kuonana naye.

Jasho lake pia si la mchezo. Mwaka 2006 jimbo la West Virginia kule Marekani lilitangaza mpango wa kuziingiza mashine hizi kwenye vipindi vya mazoezi shuleni, na hawakufanya hivyo kwa ajili ya kombo.

KichwaNgoma:

Dada, nimekusoma, na hiyo ya kugeuzwa uso ukutani sikuwahi kuifikiria. Naomba tu unijibu swali la kizushi: lile bomba la nyuma ya padi, unashika au hushiki?

Bi_Mishale:

Nashika. Na asiyeshika kwenye ngazi za juu aje anionyeshe miguu yake.

Sisikii:

Wakuu mimi natamani sana ila sina mdundo kabisa. Hata kupiga makofi na wenzangu natoka nje. Kuna matumaini au niendelee na gemu zangu za karata?

KichwaNgoma:

Ndugu, wasiohisi mapigo kabisa wapo, ila ni nadra mno. Mwaka 2011 watafiti wa Montreal waliandika habari za kijana mmoja ambaye sauti za juu na za chini alizitofautisha vizuri tu, lakini akiwekewa muziki mwili wake haulipati pigo. Ilionekana ni jambo la kuandikiwa makala ya kisayansi, kwa hiyo wewe uwezekano mkubwa umo kwenye kundi letu sisi wengine.

Makofi nayo yanadanganya. Ukipiga na kundi, unalisubiri kundi, na ukilisubiri umeshachelewa. Jambo la ajabu ni kwamba mtu wa kawaida akiambiwa agonge meza pamoja na mlio wa metronomu (kifaa kinachogonga mapigo sawasawa), kwa kawaida anagonga kabla ya mlio, milisekunde kadhaa, na mwenyewe anaapa amegonga sawasawa. Kuwahi ndiyo hali ya afya. Ukiona unachelewa, una tatizo la kusubiri.

Anza na Taiko kwenye ngazi rahisi. Aina mbili tu za noti, katikati na ukingoni, huna cha kufikiria. Na usianze na nyimbo za polepole ukidhani ni rahisi. Pigo likiwa mbali na jingine, hapo katikati kuna ukimya mrefu wa kujaza kichwani, na ndipo wengi wanapopotea. Chukua wimbo wa mapigo 110 hadi 130 kwa dakika, mwendo ambao watu wengi wanajikuta wanatikisa mguu bila kuambiwa.

Fundi_Waya:

Kabla @Sisikii hajajilaumu, naomba kuuliza: unachezea nini? Simu? Na sauti unaisikilizia wapi?

Sisikii:

Simu mkuu. Hedifoni za Bluetooth.

Fundi_Waya:

Nilijua tu. Kila uzi wa gemu hizi lazima apatikane mmoja.

Sikilizeni wote. Hedifoni za Bluetooth nyingi zinachelewesha sauti milisekunde mia moja, mia mbili, nyingine zaidi. Ukitazama filamu huoni tatizo kwa sababu programu inaichelewesha picha iende sawa na sauti. Gemu haiwezi kufanya hivyo, kwa sababu haijui utabonyeza lini. Rudini mkasome namba za KichwaNgoma hapo juu: nafasi unayopewa ni milisekunde 20 hadi 80, na sauti yako inafika ikiwa imechelewa 150. Wewe unabonyeza sawasawa na unachokisikia, gemu inakwambia umekosa, unahitimisha kwamba huna mdundo. Mdundo unao. Huna waya.

Televisheni nazo ni hivyohivyo. Nyingi zinaipamba picha kabla ya kuionyesha, na kupamba kunachukua muda. Tafuta kwenye setingi hali ya gemu, iwashe. Halafu nenda kwenye sehemu ya kusawazisha ndani ya gemu yenyewe, karibu zote zinayo. Itakupigia mlio wa tik tik, nawe ugonge. Fumba macho unapogonga! Ukiangalia skrini, jicho linakuvuta na vipimo vinaharibika. Rudia mpaka namba iache kuyumba. Kuna gemu zinazotenganisha marekebisho ya sauti na ya picha; anza na ya sauti, ya picha baadaye.

Na kwa wale wa spika kubwa ukutani: sauti hewani inakwenda kama mita 343 kwa sekunde. Ukikaa mita tatu na nusu kutoka kwenye spika, tayari kuna milisekunde kumi. Kwa anayeanza si kitu. Kwa anayesaka ukamilifu, sogeza kiti.

Sisikii:

Nimechomeka za waya. Wakuu. WAKUU.

Kimya_Kikuu:

Sawa, tumefurahi wote. Mimi nina neno la upande wa pili. Hii yote mnayoiita kuusikia wimbo ni kukariri tu. Unarudia mpaka vidole vinajua njia. Nyani angeweza.

KichwaNgoma:

Kimya_Kikuu, kukariri kupo, ila angalia wanaocheza chati ambayo hawajawahi kuiona. Mchezaji mzuri anaisoma papo hapo. Anaona kundi la noti nne si kama noti nne, anaona umbo moja, vile wewe unavyosoma neno zima bila kutamka herufi. Kuna mashindano ambayo wimbo wenyewe unatolewa siku hiyohiyo.

Na kwenye kusoma kuna kitu wageni hawakiamini mpaka wajaribu: ukiongeza kasi ya noti kushuka, gemu inakuwa rahisi. Noti zikienda polepole zinarundikana, kumi na tano kwenye skrini kwa wakati mmoja, hujui ipi inaanza. Ukiziharakisha zinaachana, unaziona chache na kila moja imesimama peke yake. Wimbo haujabadilika, nafasi kati ya mapigo ni ileile. Ndiyo maana ukimwona bingwa anacheza, skrini yake inaonekana kama kichaa, na yeye uso umetulia kabisa.

Bi_Mishale:

Na nyani hawezi. Umesahau kasuku?

MpigaNgoma:

Nimepita kimya muda mrefu, hapa imebidi nichangie. Mimi napiga ngoma, ngoma za kweli, kwenye bendi. Siwachukii, ila mnaposema gemu hizi zinawaingiza ndani ya wimbo, kuna kitu mnakiruka.

Gemu ina muda mmoja tu wa haki. Kuna mstari, noti ikifika kwenye mstari ni sawa, nje ya mstari ni kosa. Muziki haupo hivyo. Mimi nikipiga wimbo wa polepole naivuta ile ngoma ya pigo la pili na la nne kidogo nyuma, makusudi, ili wimbo uegemee. Mpiga besi yeye anakaa mbele yangu kidogo. Ule mvutano kati yetu ndio unaowafanya watu wainuke kwenye viti. Ukituweka wote kwenye mstari mmoja, wimbo unakufa. Sasa mimi nikikaa kwenye gemu ya ngoma napewa "umechelewa, umechelewa, umechelewa". Sijachelewa! Nimekaa pale ninapotaka kukaa.

Wanangu wananipita pointi kwenye gemu ileile, na hawawezi kushika vijiti.

KichwaNgoma:

Mkuu, huu ndio mchango niliokuwa nausubiri. Kwenye hilo la mstari sina ubishi, gemu haijui kuegemea, inajua kufika tu.

Ila tenganisha vitu viwili. Chati haipimi pigo lako na saa ya ukutani, inalipima na pale alipoiweka noti mtengeneza chati. Akiwa mvivu anaijaza gridi, ile mistari ya muda iliyogawanywa sawasawa: robo, nusu, robo, zote sawa, na wimbo uliopigwa na watu wenye damu unaonekana una makosa. Akiwa na sikio, anaisogeza kila noti mpaka pale mpigaji alipopiga kweli. Kwenye nyimbo za zamani zilizorekodiwa bila metronomu hana hiari, kwa sababu kasi inapanda na kushuka, lazima akae na wimbo apime pigo kwa pigo. Ukicheza chati ya namna hiyo hupigi kwenye mstari wa gemu. Unapiga pale alipopiga mtu fulani mwenye hisia zake, pamoja na kuegemea kwake kote. Sikumbuki ni lini kusikiliza tu kuliniweka karibu na mpiga ngoma kiasi hicho.

Kuhusu vijiti, ngoma za Rock Band ya 2007 zilikuwa pedi nne na pedali moja, na kwenye ngazi ya juu unachopiga kinafanana sana na anachopiga mtu wa ngoma halisi. Gita la vitufe vitano ni hadithi nyingine, lile halikufundishi gita. Anayetaka kujifunza kweli, Rocksmith ya 2011 inakuruhusu kuchomeka gita halisi. Ni gemu nzuri, lakini niseme ukweli, siku nikiicheza naona najifunza, na nikicheza gita la plastiki naona nacheza. Nahitaji vyote.

GitaLaPlastiki:

Kuna mtu kataja gita la plastiki nikaamka.

Vijana hawajui tulikotoka. Kuanzia 2005 mpaka kama 2009 nyumba isiyo na gita la plastiki ilikuwa na jirani mwenye nalo. Halafu kampuni zikaingiwa na tamaa, matoleo yakafuatana mfululizo, kila moja na gita lake na ngoma zake, watu wakachoka na sehemu za kuhifadhia zikaisha. Februari 2011 Activision wakakifunga kitengo cha Guitar Hero. Mwaka 2015 wakajaribu tena na Guitar Hero Live, nyimbo nyingi mno zikiwa mtandaoni, siyo kwenye diski. Desemba 2018 wakazima mitambo. Aliyeinunua gemu akabaki na nyimbo 42 za kwenye diski. Zilizokuwa mtandaoni zilikuwa mamia.

Hili ndilo linaloniuma kwenye mapenzi yetu haya. Gemu ya mbio ikizeeka, magari yapo. Gemu ya mdundo haki za nyimbo zikiisha, inaondolewa sokoni, na wewe na vidole vyako vilivyojua kila kona ya wimbo mnabaki mmekaa. Namshukuru Mungu kwa waliotengeneza Clone Hero na StepMania, gemu za bure. Wachezaji wanatengeneza chati wenyewe, na gita langu la zamani bado linafanya kazi, isipokuwa kitufe cha chungwa ambacho nakibonyeza kwa ukucha.

Fundi_Waya:

Fungua hicho kitufe, chini yake kuna kipande cha mpira wenye kaboni. Kisafishe kwa spiriti na pamba. Usitumie maji.

Kimya_Kikuu:

Nina swali la kweli safari hii, si ubishi. Jana nimejaribu moja baada ya kusoma huu uzi. Wimbo ulipoisha, ule ukurasa wa pointi ukaanza kutiririka kwenda juu. Ukuta wa nyuma pia. Nimeharibika macho?

KichwaNgoma:

Hahaha, karibu kundini. Macho yako mazima. Umekazia macho noti zinazoshuka dakika nne, seli zinazoona mwendo wa kushuka zimechoka, kwa hiyo kitu kilichosimama kinaonekana kinapanda. Mwaka 1834 Robert Addams aliandika jambo hilohilo baada ya kuyatazama maporomoko ya maji kule Scotland: alipohamisha macho, miamba ya pembeni ikawa inapanda. Inakwisha baada ya muda mfupi. Ukiona noti zinashuka ukiwa umefumba macho kitandani, hiyo nayo ni kawaida, ila pumzika.

Nisikuache hewani: ulicheza wimbo gani mpaka dakika nne zikapita bila kutazama pembeni, wewe uliyesema nyani angeweza?

Kimya_Kikuu:

Sijibu.

MpigaNgoma:

Narudi kutoa taarifa. Baada ya lile jibu la KichwaNgoma nilichukua programu ya kutengeneza chati nikaingiza rekodi ya mazoezi ya bendi yetu, ngoma nimepiga mimi. Nilitaka kuthibitisha kwamba gridi haiwezi kunishika.

Haiwezi kweli. Lakini wakuu, nilipoanza kuzisogeza noti moja moja mpaka pale fimbo ilipogusa ngozi, nikaona vitu. Ile ngoma ya pigo la nne naivuta nyuma kwenye beti zote, kama nilivyojua. Kwenye kiitikio siivuti. Nawahi. Kila kiitikio, bila kukosa, na mpiga besi ndiye anayenifuata. Nimepiga wimbo huo miaka, nilikuwa naapa ni yeye anayenisukuma.

Nimemwonyesha. Amenyamaza kidogo, kisha akataka gita lake liwekwe kwenye chati.

Sasa nina chati ya ngoma, ngazi ya juu, nimeweka kila pigo pale lilipo. Nani ataijaribu?

KichwaNgoma:

Itume mkuu, leo hii. Ila niambie kabla sijaanza: hapo mwishoni, kuna ile mizunguko ya ngoma zote unayoifanya wimbo ukifunga?

MpigaNgoma:

Ipo yote. Sikupunguza hata noti moja.

Bi_Mishale:

KichwaNgoma tutakukumbuka.